Ubishi wa Drafti: Kosa Lilikuwa Bei

Kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja. Wachezaji wanatawanyika, mfadhili anazima simu, viongozi wanaanza kutafuta mchawi. Huku Marekani, kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, timu iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kumchagua kijana bora kati ya wote wanaotoka vyuoni mwaka huo. Hakuna kushuka daraja. Unafungwa msimu mzima, halafu mwezi wa nne unaitwa mbele ya watu na kuambiwa: karibu, anza wewe. Ndiyo drafti yenyewe.

Nilipoelezwa utaratibu huu nikauliza swali ambalo Mtanzania yeyote angeuliza: sasa timu inazuiwa na nini isijifungishe makusudi? Aliyekuwa akinielekeza alicheka sana, kwa sababu hata wenyewe hawajalimaliza. Mwaka 2011 mashabiki wa timu zaidi ya moja walikuwa wanaombea waziwazi timu zao zifungwe ili zimpate kotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa Chuo Kikuu cha Stanford, Andrew Luck. Indianapolis Colts wakafungwa mechi 14 kati ya 16, na Luck akawa wao.

Mimi ni shabiki wa Minnesota Vikings. Nyumbani ni mtu wa Jangwani, Yanga damu, lakini kazi ilinileta jimbo hili, baridi ikanifungia ndani, na Jumapili televisheni ilikuwa na jambo moja tu la kuonyesha. Vikings wamefika fainali ya Super Bowl mara nne na wamefungwa zote nne, ya mwisho Januari 1977. Ukimwambia shabiki wa Yanga hivyo atakuuliza hao watu wanaishije. Wanaishi kwa drafti. Timu isiyobeba kombe inabaki na Aprili, na Aprili kila timu ni bingwa.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, mambo yako hivi. Timu ni 32, raundi ni saba, na kila timu huchagua kwa zamu, aliyefanya vibaya akitangulia na bingwa akimalizia. Mwaka 2025 walichaguliwa vijana 257. Zamu zenyewe ni mali: unaweza kuiuza ya mwaka huu ukapewa mbili za nyuma yake, au ukatoa ya mwakani ili usogee mbele kwenye foleni leo. Kuanzia Januari, miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, watu huandika drafti za kubuni. Mtu anakaa chini, anapanga zamu zote 32 za raundi ya kwanza, na kila timu anaichagulia kijana. Watangazaji wanafanya hivyo kwa mshahara. Sisi tunafanya hivyo kwa kinyozi.

Kijiwe chetu ni kibanda cha kunyolea cha Mkenya mmoja, mtu wa Nakuru, hapo Brooklyn Park, mji ulio kaskazini mwa Minneapolis wenye Waliberia wengi na Wakenya wengi. Orodha yake huiandika nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita na kuibandika kwa selotepu pembeni ya kioo. Jina la Vikings limeandikwa kwa kalamu nyekundu, mengine kwa nyeusi. Ikifika Aprili karatasi imekatwakatwa kiasi kwamba mwenye kuisoma ni yeye peke yake. Na ana kasoro moja kubwa kitaaluma: akibisha, mashine inasimama. Unaweza kukaa pale upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado, huku mwenye mashine anaielekeza kwa mtu wa mlangoni kama rungu, anaeleza kwa nini huwezi kumwacha mpokeaji bora, mdaka pasi, kwenye raundi ya kwanza hata kama ukuta wako wa mbele, wale wanaomkinga kotabeki, unavuja.

Mshangao wangu wa kwanza ulikuwa jinsi watu walivyokuwa wanawabishania vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakicheza mechi nzima. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayejificha. Tetesi za usajili za Kariakoo zina afadhali, kwani yule mshambuliaji wa Zambia au Burkina Faso anayesemwa angalau kuna mtu amemwona kwenye mashindano ya Afrika. Hapa unamtetea gadi, mtu wa ukuta wa mbele, wa chuo fulani cha North Dakota kwa sababu ulisoma kwamba mikono yake ni mirefu. Mikono inapimwa kweli. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, wanakusanywa Indianapolis, wanapimwa urefu, uzito, viganja, mbio za yadi 40, mruko wa juu na mruko wa mbele, na siku ya pili yake unamsikia mtu mzima na akili zake akisema kijana fulani ameshuka thamani kwa sababu ya nusu inchi ya kiganja.

Asili ya mambo haya, kwa kifupi, ni mtu aliyechoka kukosa. Bert Bell alikuwa mwenye timu ya Philadelphia Eagles katikati ya miaka ya 1930, timu dhaifu isiyo na fedha, na alishindwa kumpata Stan Kostka wa Chuo Kikuu cha Minnesota kwa sababu waliomzidi mfuko walipandisha dau. Akawaambia wenzake: tukiendelea hivi matajiri watakula peke yao na ligi itakufa. Drafti ya kwanza ikafanyika Philadelphia tarehe 8 Februari 1936, timu tisa, raundi tisa. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika historia, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakuwahi kucheza NFL hata dakika moja. Eagles walimchagua, wakaiuza haki yake kwa Chicago Bears, hawakuelewana naye fedha, akaenda zake. Yaani zamu ya kwanza ya kwanza iliyowahi kuwepo iliishia hewani, na bado watu hawakukata tamaa na utaratibu.

Wataalamu nao wana historia yao ya kuchekesha. Mwaka 1994 Colts walikuwa na zamu ya 5 na mtangazaji Mel Kiper wa ESPN alikuwa ameshikilia kwamba lazima wachukue kotabeki, Trent Dilfer. Colts wakamchukua Trev Alberts, mlinzi. Kiper akawasema vibaya hewani. Mkuu wa Colts, Bill Tobin, akajibu papo hapo kwenye televisheni, akiuliza huyo Kiper ni nani hasa, na akasema hana sifa yoyote kumzidi jirani yake, na jirani yake ni tarishi wa posta. Kinyozi wetu anayapenda maneno hayo kupita kiasi. Kila mtu akimnukuu mtaalamu, yeye anauliza tarishi anasemaje. Ila Alberts aliandamwa na majeraha akaacha mpira baada ya misimu mitatu, na Dilfer alikuja kubeba Super Bowl akiwa na Baltimore, kwa hiyo hata tarishi asijione sana.

Hata hao wanaolipwa wanakosea vibaya. Aprili 2025 kotabeki Shedeur Sanders alikuwa kwenye raundi ya kwanza ya orodha nyingi, nyingine zikimweka katika watano wa mwanzo. Usiku wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, akaja kuchaguliwa raundi ya tano, zamu ya 144, na Cleveland. Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000 akabeba makombe saba. Haya kila mtu anayajua na hayamzuii mtu kubisha.

Pale kijiweni tumegawanyika kambi tatu. Ya kwanza inataka kuziba pengo: tazama timu imekosa nini, chukua hicho. Ya pili inasema chukua kijana bora aliyebaki, hata kama una wengine watatu wa nafasi yake, kwa sababu kipaji hakiozi. Kinyozi yuko huku. Ya tatu, ambayo ni yangu, inasema usichague, rudi nyuma. Uza zamu yako kwa anayeihangaikia, kubali kungoja, pata zamu mbili au tatu badala ya moja. Kambi hii haipendwi. Mtu amengoja miezi mitatu asikie jina, wewe unamwambia furaha yake ni kusikia kwamba jina halitajwi leo.

Sababu zangu zinatoka kwenye mitumba. Nimekulia kwenye biashara hiyo, na aliyewahi kununua belo lililofungwa anajua: unaambiwa ni daraja la kwanza, unalipa bei ya daraja la kwanza, na hujui kilichomo mpaka uukate mkanda. Lipo belo linalokulipia kodi ya miezi sita, lipo linalokupa makoti ya mvua mia mbili mwezi wa Januari. Mfanyabiashara wa siku nyingi haweki mtaji wote kwenye belo moja la bei mbaya kwa sababu limeandikwa vizuri. Ananunua matatu ya kati.

Siyo hekima ya soko peke yake. Wanauchumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, huyo wa pili alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2017, walichunguza miaka mingi ya drafti na kukuta kwamba timu hulipa kupita kiasi ili zisogee mbele. Ukiwachukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa mmoja akifuatiwa na mwingine, uwezekano wa yule wa mbele kumzidi yule wa nyuma ni kama asilimia 52. Shilingi ukiirusha inakupa 50. Kwa hiyo unatoa zamu ya mwakani kununua asilimia mbili.

Sasa ndipo wananikumbusha 2022.

Mwanzoni mwa mwaka huo Vikings walimwajiri meneja mkuu mpya, Kwesi Adofo-Mensah, mtoto wa wahamiaji kutoka Ghana, msomi wa uchumi aliyepitia Princeton na Stanford na aliyefanya kazi kwenye masoko ya fedha kabla ya kuingia kwenye mpira. Kijiwe kizima kilivimba kifua. Watu ambao hawakuwahi kumjua meneja mkuu ni nani wakaanza kulitamka jina lake kwa ukamilifu, na matamshi ya Kighana ya kujitengenezea. Aprili ikafika, zamu yetu ilikuwa ya 12, na kwenye karatasi ya kalenda lilikuwa limeandikwa jina moja jekundu lisilokatwa: Kyle Hamilton, beki wa mwisho wa Notre Dame, kijana mrefu kupita kawaida ya nafasi ile, ambaye wengi walidhani atakuwa ameshachukuliwa. Zamu zikapita, 9, 10, 11. Hamilton bado yupo. Kinyozi akaziweka chini mashine zote.

Vikings wakauza. Waliouziwa ni Detroit Lions, timu ya kundi letu, tunayokutana nayo mara mbili kila msimu. Tuliwapa zamu ya 12 pamoja na ya 46, wakatupa ya 32, ya 34 na ya 66. Detroit wakamchukua mpokeaji Jameson Williams wa Alabama. Zamu mbili baadaye Baltimore wakamchukua Hamilton, na Hamilton akawa mmoja wa mabeki wa kuogopwa katika ligi nzima. Kesho yake, kana kwamba tulikuwa tunagawa sadaka mtaani, ile zamu ya 34 tukaiuza kwa Green Bay Packers, adui wa damu, nao wakapata mpokeaji wao, Christian Watson. Kwenye zamu ya 32 tulimchukua Lewis Cine wa Georgia, beki wa mwisho, nafasi ileile ya Hamilton. Oktoba, kwenye mechi iliyochezwa London, alivunjika mguu vibaya. Hakuwahi kupata namba ya kudumu, na Agosti 2024 akaachwa.

"Mtoto wa Kiafrika amepunjwa mchana kweupe," kinyozi alisema usiku ule, kabla hata matokeo hayajajulikana. Na tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo kusema turudi nyuma, mtu anatamka neno moja tu, Hamilton, na mjadala unahesabiwa umekwisha.

Haujaisha. Kuna jedwali la thamani za zamu lililotengenezwa na Dallas Cowboys mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za kocha Jimmy Johnson. Hesabu zenyewe zilifanywa na Mike McCoy, mshirika wa biashara wa mwenye timu. Zamu ya kwanza ina pointi 3,000, na kutoka hapo inateremka. Zamu ya 12 ni 1,200, ya 46 ni 440: tulitoa 1,640. Zamu ya 32 ni 590, ya 34 ni 560, ya 66 ni 260: tulipokea 1,410. Tofauti ni pointi 230, thamani ya zamu nzima ya raundi ya tatu, na tulimwachia jirani. Wapo watakaosema jedwali hilo limezeeka, kwamba mapya yanazipunguzia thamani zamu za juu na kwa hesabu za kisasa biashara ile haitishi sana. Sawa. Lakini kama mimi ninajua kwamba mnunuzi bado anaishi kwa bei za zamani, ninamuuzia kwa bei za zamani. Ndiyo kazi ya muuzaji. Uamuzi wa kurudi nyuma ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa bei. Na jingine lilikuwa kumuuzia mtu wa kundi lako, ambaye thamani ya alichopata unaihesabu mara mbili kila mwaka, uwanjani.

Nimeyaeleza hayo pale kijiweni kwa karatasi na kalamu. Kinyozi aliangalia hesabu, akatikisa kichwa, akaniuliza pointi 1,410 zimewahi kumkaba mtu gani.

Ubishi wa namna hii una faida moja, kwamba kila upande una ushahidi kutoka timu ileile. Anayetaka kipaji tu anakukumbusha 1998. Randy Moss wa Chuo Kikuu cha Marshall alikuwa na mambo mengi ya ujanani yaliyowatisha watu, timu zikampita, Dallas wenyewe kwenye zamu ya 8 wakachukua mwingine, akatufikia ya 21. Msimu wake wa kwanza alifunga tachidauni 17 na timu ikashinda mechi 15 kati ya 16 za kawaida. (Kilichotokea kwenye nusu fainali dhidi ya Atlanta, mpiga mateke ambaye hakuwa amekosa msimu mzima, hakizungumzwi pale ndani kama kuna watoto.)

Anayetaka subira anakukumbusha 2020. Tulimuuza Stefon Diggs, mpokeaji ambaye naye alikuwa wa raundi ya tano, zamu ya 146, kwa Buffalo, na kwa zamu tuliyopewa, ya 22, tukakaa tu. Wapokeaji wanne wakatangulia: Henry Ruggs, Jerry Jeudy, CeeDee Lamb, na zamu moja kabla yetu Eagles wakamchukua Jalen Reagor. Justin Jefferson akabaki. Mwaka 2022 alimaliza msimu na yadi 1,809 akawa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Agosti, Reagor aliuzwa kwa nani? Kwa Vikings. Akawa anakaa benchi akimtazama Jefferson. Hadithi hii ukiibuni mhariri angekurudishia.

Halafu iko 2003, ambayo haimsaidii yeyote. Vikings walikuwa na zamu ya 7, wakawa wanajadiliana na Baltimore wauze. Wakati ule raundi ya kwanza timu ilipewa dakika 15. Maneno yakawa marefu, simu zikapishana, saa ikaisha. Saa ikiisha hupotezi zamu, ila aliye nyuma yako anaruhusiwa kukimbilia mezani kabla yako. Jacksonville wakakimbia na jina la Byron Leftwich. Carolina nao wakakimbia, wakamtaja Jordan Gross. Vikings wakaja kuchagua wa 9, aibu nchi nzima, watu wanacheka kwenye televisheni, na wakamchukua Kevin Williams wa Oklahoma State, mtu wa kati wa ukuta wa ulinzi, ambaye ndiye waliyekuwa wanamtaka tangu mwanzo. Akaja kutajwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi mara tano. Siku ya fedheha kuliko zote ikazaa mmoja wa wachezaji bora wa kizazi kile. Ninaihesabu kuwa ushindi wa kambi ya kurudi nyuma, kwamba hata kwa uzembe inalipa. Wenzangu wanakataa kuipokea.

Kuna jambo moja ambalo pale ndani ninalibeba peke yangu, kwa sababu ni mimi Mtanzania. Neno drafti kwetu liliingia mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika NBA na Memphis Grizzlies. Mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kwenye ligi ile, akikwea jukwaani na urefu wake wote. Mitaani kwetu watu ambao hawakujua mpira wa kikapu unachezwa na watu wangapi walikuwa wanasema "namba mbili, dunia nzima." Huku nimekuja kumkuta kwenye orodha za chaguzi mbovu za wakati wote, kwa kuwa wa tatu alikuwa James Harden na wa saba alikuwa Stephen Curry. Mtu anamtaja kama mfano wa kawaida tu, hajui kwamba anayemsikiliza alikesha kumwona akivaa kofia.

Siku moja kijana mmoja Mmarekani, mteja, alilitaja jina hilo kwa kicheko, na nikamwomba anisaidie kukumbuka zamu ya 5 na ya 6 mwaka ule zilikuwa za timu gani. Zilikuwa za Minnesota Timberwolves, zote mbili, zikifuatana. Walichukua walinzi wawili wa kuongoza mchezo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na Curry, mlinzi wa kuongoza mchezo, akachukuliwa wa saba na Golden State. Memphis walimkosa Curry mara moja. Ninyi mlimkosa mara mbili ndani ya dakika chache. Kinyozi alizima mashine ili acheke vizuri. Dereva wa lori mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, akaona nafasi akaingiza Bismack Biyombo, wa mjini kwao, aliyechaguliwa wa 7 mwaka 2011, na ikabidi tumsikilize mpaka mwisho.

Kinachonikera katika ubishi wote ni hicho, wepesi wa kumwita kijana wa miaka 21 kosa. Aliyechagua ndiye aliyekosea, kama amekosea. Cine hakujivunja mguu. Thabeet hakujipanga wa pili. Jina linabaki la mchezaji na mshahara unabaki wa meneja.

Aprili 2025 ubishi ulikuwa mkali kuliko kawaida kwa sababu tulikuwa maskini. Ili kumpata Dallas Turner kwenye zamu ya 17 mwaka wa nyuma, Vikings walikuwa wameuza zamu kadhaa za mbele, tukaingia na zamu nne tu kwa raundi saba, ya kwanza ikiwa ya 24. Mtu mwenye zamu nne anarudi nyuma. Hilo kwangu halikuwa na mjadala. Kinyozi alikuwa na Malaki Starks, beki wa mwisho wa Georgia, kwa kalamu nyekundu, na nadhani jeraha la kumkosa Hamilton lilikuwa linaandika pamoja naye. Aliyetushinda nguvu ya hoja alikuwa dada mmoja Mkenya, muuguzi, anayeleta wanawe wawili kunyolewa kila baada ya wiki chache na ambaye kwa kawaida hukaa na simu yake. Mwaka 2024 tulikuwa tumemchagua kotabeki J.J. McCarthy wa Michigan kwenye zamu ya 10, akaumia goti mechi za maandalizi, msimu mzima ukampita bila kucheza.

"Huyo kijana goti lake limeshonwa," dada alisema bila kuinua macho. "Nyinyi mnamtafutia beki wa mwisho. Huyo beki anasimama wapi wakati kijana anakimbizwa?"

Alitaka gadi. Mtu wa kilo 140 wa kusimama mbele ya goti. Hakuna aliyependa, maana hakuna anayenunua jezi ya gadi. Kinyozi akamwambia kwa heshima zote kwamba gadi hupatikana hata raundi ya nne. Dada akamuuliza ya nne ipi, na sisi tuna zamu nne tu kwa jumla. Wakawekeana dau. Vikings wakichukua gadi, vijana wa dada watanyolewa bure mpaka shule zifungwe. Wasipochukua, dada ataleta mbuzi wa kuchoma kwa kijiwe kizima.

Drafti ya mwaka huo ilifanyika Green Bay, kwa maadui wenyewe, mji wa watu wapatao laki moja. Gadi wa kwanza, Tyler Booker, alikwenda Dallas zamu ya 12. Wa pili, Grey Zabel, yule wa North Dakota State, Seattle wakambeba zamu ya 18, na nikamwona dada anakunja uso. Kwenye 23 walikuwa wenyeji. Packers wakamtaja mpokeaji Matthew Golden, wa kwanza wao wa raundi ya kwanza tangu 2002, na umati ukapiga kelele hata sauti ya televisheni ikakwaruza. Halafu sisi. Starks bado yupo. Kinyozi amesimama katikati ya chumba, taulo begani, na kwenye kiti kuna mteja mwenye povu shavuni ambaye ameshakubali hali yake.

Donovan Jackson, gadi, Ohio State.

Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja. Alilalamika kwamba kijana mwenyewe hajacheza bado, kwamba dau lilikuwa la mzaha, kwamba Starks tutakuja kumlilia, na Starks kweli alichukuliwa zamu tatu baadaye na Baltimore, walewale wa Hamilton, jambo lililomwongezea uchungu. Mimi nikasema, na bado nasema, kwamba walipaswa kurudi nyuma, na gadi huyohuyo wangeweza kumkuta kwenye 29 au 30 wakiwa na zamu ya ziada mfukoni. Kesho yake kwenye raundi ya tatu walirudi nyuma, kutoka 97 hadi 102, nikapiga picha ya televisheni nikamtumia kila mtu.

Dada aliingia wiki iliyofuata na wanawe wawili na mtoto wa jirani. Kinyozi akasema mkataba ulikuwa wa vichwa viwili. Dada akamwambia hicho cha tatu ni zamu ya ziada, aniulize mimi namna ya kuihesabu.